Hatukuulizwa: vyama vyetu na Shirikisho la Afrika Mashariki

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili mbele ya wafanyabiashara, walimu na wanafunzi, Busia, Uganda

Wazee wangu, akina mama wa sokoni, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki mkaja kusikiliza, hamjambo. Ahsanteni kwa kufika na jua hili.

Asubuhi nikija hapa nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya gunia la mukene, samaki wadogo wa Majanji ziwani, kando ya ile njia inayopita nyuma ya nyumba za watu kwenda upande wa Kenya. Anamsubiri kijana wa kumvushia. Gunia limefungwa kwa kamba ya katani, limefunikwa kanga iliyochakaa, na nzi wameshajua kilichomo. Nikamwuliza, "Mama, mbona hupiti pale getini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwalimu, getini ni kwa wenye malori. Mimi na gunia moja nikasimame na nani?"

Nikachuchumaa pale nikamweleza kwamba mfanyabiashara mdogo ana utaratibu wake. Mzigo wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi zetu, kama thamani yake haizidi dola 2,000, unajaziwa fomu nyepesi palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hilo ni tangu lini?" Nikamwambia ni miaka mingi sasa. Akanyamaza, akafukuza nzi kwa upindo wa kanga, akasema, "Na nani alituambia?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja nalo hapa swali lake, na nitaliongezea langu: nani alituuliza?

Sitawauliza kama mnaipenda Afrika Mashariki. Kuwauliza watu wa Busia hivyo ni kuwapotezea muda. Samaki yule upande huu ni mukene, akivuka hatua chache ni omena, akifika Mwanza ni dagaa. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana waliokuwa wakipakia watu kwenye baiskeli kutoka boda hii kwenda boda ile. Mimi mwenyewe ni mtu wa shirikisho tangu ujana wangu, na sijabadilika. Ninalosema leo ni kwamba jambo hili la kuungana na majirani limekuwa likiamuliwa na watu wachache kwa kupima hali yao ya kisiasa hapa nyumbani, na vyama vyetu, kile kinachotawala na vile vya upinzani, vimeridhika liwe hivyo. Na kwa sababu hiyo limeanguka mara mbili, na linaweza kuanguka tena.

Turudi nyuma hadi 1953. Mwezi Juni mwaka ule waziri wa makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alihutubia karamu moja kule London, akagusia kwamba huenda siku moja nchi za Afrika Mashariki zikaunganishwa kuwa shirikisho. Kwake yalikuwa maneno ya mezani. Kwetu yalikuwa moto. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa wameziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland huku Waafrika wa kule wakikataa, na kila mtu aliona nani kashika usukani: walowezi. Kenya nayo ilikuwa na walowezi wake, na ilikuwa ndani ya hali ya hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kwa hiyo mkulima wa Uganda aliposikia "shirikisho" alielewa kwamba shamba lake litakwenda kama yalivyokwenda mashamba ya Wakikuyu. Mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa wa Pili, akasimama imara, akadai Buganda ipangiwe tarehe ya uhuru wake. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen akampakia ndege, akampeleka uhamishoni Uingereza. Hakurudi hadi Oktoba 1955.

Wanafunzi, lishikeni hili, maana vitabuni hulipita haraka. Neno shirikisho liliingia katika siasa zetu likiwa limebeba woga wa kunyang'anywa shamba na uchungu wa mfalme kuhamishwa. Vyama vyetu vilikuwa vichanga wakati huo. Uganda National Congress ya Ignatius Musazi ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe, Democratic Party, yaani DP, ikaja 1954. Siasa walijifunzia ndani ya mgogoro ule. Mtu aliyejifunza kutembea juu ya miiba hukanyaga kwa hadhari hata akifika kwenye zulia.

Sasa njooni 1963. Tarehe 5 Juni, Kenyatta, Nyerere na Obote walikutana Nairobi wakatangaza kwamba kabla mwaka haujaisha tutakuwa shirikisho moja. Nyerere alikuwa tayari tangu 1960, alipokuwa radhi hata kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zote ziungane kwa pamoja. Kenyatta alikuwa na haraka yake, maana Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru kamili na tangazo lile liliwabana Waingereza. Na Obote? Obote alikuwa waziri mkuu kwa mgongo wa wengine. Chama chake cha UPC kilikuwa kimefunga ndoa na Kabaka Yekka, chama cha watu wa Kabaka, ili kuiondoa DP ya Benedicto Kiwanuka, na Mengo, makao ya Kabaka, haikutaka kusikia habari za shirikisho la Afrika Mashariki. Kama Kabaka alikuwa na mashaka na Kampala iliyo maili tatu kutoka kwake, angeiaminije serikali iliyo mbali zaidi? Obote angekwenda Nairobi kutia saini, angerudi Kampala hana serikali.

Basi wajumbe wetu wakaanza kuweka masharti: Uganda ibaki na kiti chake Umoja wa Mataifa, ibaki na uraia wake, iwe na uhuru wa kukopa nje. Siwalaumu. Baadhi ya masharti hayo yalikuwa ya haki kabisa kwa nchi ndogo isiyo na bandari, inayokaa katikati ya wawili wakubwa. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyeshuka kwa wananchi kuwaambia, "Haya ndiyo tunayoyataka, haya ndiyo tunayoyaogopa, nanyi mwasemaje?" Yote yalikuwa hesabu za viti bungeni. Oktoba ile Kabaka akafanywa rais wa nchi, ndoa ya UPC na Mengo ikapata pumzi, na shirikisho likafa kimyakimya. Ndoa yenyewe nayo mnajua ilikoishia. Mei 1966 jeshi likaishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, na mwaka uliofuata falme zikafutwa.

Ndiyo maana mpaka leo, ukienda Buganda ukazungumza na wazee juu ya shirikisho, watakurudisha kwenye neno lao, federo, yaani Buganda kujiamulia mambo yake ndani ya Uganda. Nimekaa nao. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, mtu aliyeninyima federo hapa nyumbani, ataipata wapi ya kunipa kule Arusha, makao ya Jumuiya?" Watu wengi Kampala huliona swali hilo ni la ukabila. Mimi naliona ni la akili. Mzee yule anauliza kama mamlaka yatagawanywa kweli au yatasogezwa tu mbali zaidi naye, na hakuna chama nilichokisikia kikimjibu.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala penyewe, tarehe 6 Juni 1967. Tulipata makao makuu ya Posta na Simu, tukapata Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo iko Kampala mpaka leo. Lakini angalieni kalenda. Nchi hii ilifanya uchaguzi mkuu Aprili 1962, na uliofuata ulikuwa Desemba 1980. Miaka 18 na zaidi. Jumuiya ilizaliwa 1967, ikafa 1977, yote mawili katikati ya miaka hiyo ambayo Mganda hakupata uchaguzi mkuu hata mmoja. Amin alipotwaa nchi Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na marais wasipoketi hakuna Jumuiya, kwa kuwa Jumuiya ilikuwa ni wao watatu.

Nilikuwa na miaka 17 ilipovunjika. Sikumbuki tangazo redioni. Nakumbuka wanaume wakipita usiku na magunia ya kahawa begani, wakienda Kenya kwa magendo, peku, ili wasisikike. Mmoja alikuwa jirani yetu, na mtoto wake tulisoma naye darasa moja. Soko la pamoja lililokatazwa na serikali liliendelea kwa miguu ya watu, kwa hatari ya roho zao.

Jumuiya ya sasa najua mnaijua. Museveni, Moi na Mkapa walitia saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, mkataba ukaanza kazi 7 Julai 2000. Tumetoka nchi tatu hadi nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024. Mkataba unasema wazi kwamba safari inaanzia umoja wa forodha, inapita soko la pamoja na sarafu moja, inaishia shirikisho la kisiasa. Unasema pia kwamba Jumuiya hii ni ya watu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka 2000 serikali ilituita tupige kura ya maoni: mnataka vyama vingi au tuendelee na mfumo wa Movement, usio na vyama? Tukaitwa tena Julai 2005, swali ni lilelile, vyama vikarudi. Mara mbili ndani ya miaka mitano hivi taifa zima lilipanga foleni kuulizwa kama vyama viruhusiwe. Lakini kuhusu kuunganisha nchi na nchi nyingine, kubadili sarafu, kuwa na katiba moja juu ya katiba yetu, hatujaulizwa kwa kura hata mara moja. Na vyama vile tulivyovirudisha kwa kura zetu havijadai tuulizwe.

Watanzania waliulizwa. Mwaka 2006 kila nchi iliunda kamati ya kukusanya maoni juu ya kuharakisha shirikisho, ambalo lilikuwa limepangiwa mwaka 2013. Watanzania wengi wakasema hapana, msiharakishe, ardhi yetu kwanza. Hapa kwetu kulikuwa na watu waliowakasirikia. Mimi niliwaonea wivu. Waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likasikika: 2013 ikapita, na mwaka 2017 marais wakakubaliana tuanze na muungano mlegevu zaidi kabla ya shirikisho lenyewe. Kamati iliundwa Uganda pia. Nani hapa anakumbuka ilipita wapi? Inueni mikono. Basi.

Tazameni na Bunge la Afrika Mashariki. Kila nchi inapeleka wabunge tisa, na wanachaguliwa na bunge la nchi, si na sisi. Ibara ya 50 ya mkataba inataka wawe sura ya vyama na mitazamo mbalimbali iliyomo bungeni, kadiri inavyowezekana. Mwaka 2017 FDC ilikuwa ndiyo chama kikubwa cha upinzani nchini. Haikupata kiti hata kimoja Arusha, huku DP na UPC zilizo ndogo kuliko yenyewe zikipata kimoja kimoja. Mwaka 2022 NUP, chama cha upinzani kilichoingia bungeni na viti 57, hakikupata hata kimoja. Wenye wingi bungeni wanaamua mpaka nani awe mpinzani wao Arusha.

Hilo ni kosa la chama kinachotawala, nalisema bila kuogopa. Lakini upinzani nao una lake. Kila inapofika zamu ya viti vya Arusha ndipo tunasikia kelele, na kelele zenyewe ni za nani aende. Kwenda kufanya nini, hakuna anayesema. Mpaka wa Katuna ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa Kampala na Kigali, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu! Mkulima wa viazi Kabale alipoteza soko lililokuwa mlangoni kwake. Familia zilizooana kuvuka mpaka zilihudhuria mazishi kwa simu. Katikati ya miaka hiyo tulifanya uchaguzi mkuu. Nilisikiliza kampeni kwa bidii yote ya mwalimu mstaafu asiye na kazi nyingine, nikingoja chama kiseme, "Tukishika serikali tutafanya hivi na hivi Katuna ifunguliwe, na hivi isifungwe tena." Sikusikia. Machi 2021 Kenya ikakataza mahindi yetu ghafla kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga mstari hapahapa, mnakumbuka. Zuio likalegezwa baada ya siku chache kwa masharti. Sumukuvu si uongo, mahindi yetu mengi hayakaushwi vizuri, tunayaanika chini pembeni mwa barabara. Lakini ni chama gani kilichokuja baadaye kutuambia mpango wake wa maghala na vikaushio?

Kuna upande mmoja ambao muungano umekwenda mbio, na unanitia hofu. Novemba 2024 mwanasiasa wetu wa upinzani, Dakta Kizza Besigye, alitoweka Nairobi, na siku nne baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 mwandishi wa habari na mwanaharakati wetu, Agather Atuhaire, alikamatwa Dar es Salaam pamoja na mwanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya, walikokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Agather aliachwa mpakani Mutukula. Mama wa mukene anashindwa kupita getini na gunia moja, lakini mtu mzima mwenye kesi na wakubwa anavushwa mpaka bila fomu, bila foleni. Ndugu zangu, kama hivi ndivyo serikali zetu zinavyoshirikiana leo, shirikisho litakalojengwa juu yake litakuwa la askari kwanza na la mwananchi baadaye. Hiyo ndiyo hofu ya mkulima wa 1953, imebadilisha nguo tu. Na sijaiandika mimi, matukio yameiandika.

Kwa hiyo naomba nini? Wagombea wanakuja hapa. Wanakuja na fulana, na sabuni, na muziki mkubwa. Safari ijayo mwulizeni mbunge swali moja kabla hajashuka jukwaani: utampigia nani kura kwenda Arusha, na kwa nini huyo? Mwulizeni wa serikali kwa nini katiba ya muungano iandikwe kabla ya kura ya maoni kuahidiwa kwa sheria. Mwulizeni wa upinzani msimamo wa chama chake juu ya sarafu moja, ambayo iliahidiwa 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031. Akisema tutalitazama mbele ya safari, mwambieni safari yenyewe ndiyo hii. Na mkitaka kura ya maoni, itakeni mkijua mnaweza kushindwa. Mimi nitapiga kampeni ya ndiyo kijiji kwa kijiji, kwa baiskeli yangu. Wananchi wakisema hapana, nitarudi nyumbani nitulie, nianze kuwashawishi upya. Naipenda Afrika Mashariki kiasi cha kukubali ikataliwe kwa haki.

Nilipokuwa bado nafundisha, niliwahi kuvuka mpaka mmoja, sitautaja, nikiwa na katoni mbili za vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu. Afisa akazizuia siku mbili. Aliniuliza kwa Kiingereza vitabu hivi ni vya nini. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hii ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, imo katika katiba yetu tangu 2005, na ni lugha inayotajwa katika mkataba wa Jumuiya. Akanijibu, kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Mwalimu, hayo ni ya Arusha. Hapa ni mpakani." Nililala kwenye benchi nje ya ofisi, kichwa juu ya katoni, nikisikiliza malori yakinguruma usiku kucha. Sikumkasirikia yule kijana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Arusha na pale alipoketi ni mahali pamoja.

Nimesema mengi. Yule mama wa mukene niliyewaeleza yuko pale nyuma, karibu na dirisha. Nilimwomba aje na gunia lake, na nimemwahidi kwamba tukimaliza tutakwenda naye getini, yeyote anayetaka kufuatana nasi, tumjazie ile fomu tuone itakuwaje. Mama, njoo mbele tafadhali. Kipaza sauti ni hiki. Waambie ulichoniambia asubuhi.